Mgeni Aliondoka na Kiti

Mwaka 1979 nilikuwa darasa la sita mjini Tabora. Ijumaa moja ya mwezi Novemba mwalimu wetu wa historia alitutangazia kwamba kesho yake hakuna kwenda shamba la shule, tunakwenda makumbusho. Tulishangilia, ingawa kwa kweli tulichoshangilia ni kuepuka jembe. Rafiki yangu mmoja aliyekuwa na mjomba Dar es Salaam akatuhakikishia kwamba Makumbusho ni kituo cha basi, na kwamba yeye amewahi kushuka hapo.

Tulitoka Isevya jua halijapanda, watoto arobaini na kitu, kila mmoja na matobolwa yake mfukoni. Kwa asiyekulia Unyamwezi niseme kwamba matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa mpaka vikakauka kama ngozi. Ndicho chakula cha safari: hakiozi, hakimwagiki, na ukitafuna kimoja taratibu unaweza kumaliza nacho kilomita nzima. Hadi Kwihara, yaliko makumbusho, ni kama kilomita 6, njia ya mchanga, na kando ya njia kuna miembe. Si miembe ya kupandwa juzi. Kuna mashina ambayo watoto watatu tulishikana mikono tusiyamalize. Embe za kwanza zilikuwa zimeanza kuanguka, na mwalimu alishindwa kutuzuia.

"Okoteni, lakini mjue mnachokula," akasema. "Hii ndiyo barabara ya pwani. Kila aliyepita na pembe begani alikula embe, akatupa kokwa."

Ukubwani nilisoma kwamba wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walipanda miembe karibu na makazi yao kwa makusudi, wapate kivuli na matunda. Lakini maelezo ya mwalimu ndiyo yaliyonikaa. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Tabora baada ya miezi kama mitatu. Hapo iligawanyika: wengine magharibi hadi Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wengine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Waliobeba mizigo hiyo wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Waliondoka kiangazi na kujitahidi kurudi mvua inapokaribia, maana nyumbani kulikuwa na shamba linalosubiri.

Tulipofika, tembe alilokaa Dakta Livingstone lilionekana dogo kuliko nilivyolitarajia. Kuta nene za udongo, paa bapa lililoshindiliwa udongo juu ya boriti, vyumba vimezunguka ua, na mbele mlango wa nakshi za Kizanzibari ambao ulionekana kama mgeni aliyevaa kanzu katikati ya wakulima. Mlinzi alikuwa mzee mwenye kofia na funguo kiunoni.

"Shikamoo babu!" tukamwamkia kwa pamoja kama tulivyofundishwa.

"Marahaba wajukuu. Mwangaluka."

"Mwangaluka!" Hapo ndipo tulipocheka, kwa sababu shuleni Kinyamwezi kilikuwa na viboko vyake, na sasa kimesemwa mbele ya mwalimu na mwalimu mwenyewe kaitikia.

Ndani kulikuwa na ubaridi mzuri. Mzee alituongoza chumba hadi chumba, na kila chumba kilikuwa na karatasi. Picha za Dakta Livingstone na Stanley, ramani za safari zao, nakala za barua, kurasa za magazeti ya zamani. Tulielezwa kwamba Stanley alifika Unyanyembe mwezi Juni 1871, akitumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Livingstone. Akakuta njia ya Ujiji imefungwa kwa vita kati ya Waarabu wa Tabora na Mirambo, mtemi wa Urambo. Alijiingiza katika vita hivyo, Waarabu wakapigwa, naye akalazimika kuzunguka kusini. Baada ya kumwona Livingstone Ujiji, walirudi pamoja hadi hapa Kwihara mwezi Februari 1872. Stanley akaondoka Machi 14. Livingstone akabaki katika nyumba hii miezi mitano na zaidi, akisubiri wapagazi kutoka pwani, hadi Agosti 25 alipoanza safari yake ya mwisho. Nyumba yenyewe ilianguka baadaye. Hii tuliyosimama ndani yake ilijengwa upya mwaka 1957.

Rafiki yangu wa kituo cha basi alikuwa hajaridhika. "Babu, kitanda chake kiko wapi?"

"Kitanda hakipo. Kuna barua."

"Na kiti?"

"Hakipo. Kuna barua."

"Na vitu vya mtemi wetu viko chumba gani?"

Mzee alimtazama, kisha akamtazama mwalimu kana kwamba anaomba ruhusa. "Hapa ni kwa mgeni, mjukuu wangu," akasema. "Kwa mwenyeji kulilipuka."

Akatutoa nje, tukakaa chini ya mwembe tukila matobolwa yetu, naye akatusimulia habari ya Isike, mtemi wa Unyanyembe aliyekataa kuwafungulia Wajerumani njia. Boma lake liliitwa Isiunula, nalo lilikuwa gumu kweli. Wajerumani walilishambulia mara kadhaa wakashindwa. Januari 1893 afisa aliyeitwa Tom von Prince alikuja tena, na safari hii kuta zikavunjwa. Isike alipoona wameingia, aliwasha baruti ya ghala lake akiwa ndani, badala ya kuchukuliwa mateka. Mzee aliposema neno "baruti" alifungua ngumi yake polepole, vidole vyote vitano vikatawanyika, akaacha mkono ukining'inia hewani. Sijasahau mkono ule. Kwa miaka mingi, mtu akinitajia utawala wa Wajerumani, kitu cha kwanza kunijia ni vidole vya yule mzee.

Halafu akatupa hadithi ya pili, ambayo ndiyo tuliyorudi tukiigiza njia nzima. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwezi Mei 1873, watu wake waliuzika moyo wake hapo. Mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga katika gome la mti, wakaanza kuubeba kurudi pwani. Walioongoza ni Abdullah Susi na James Chuma. Oktoba mwaka huohuo walifika hapa Kwihara na maiti yao, wakamkuta Mwingereza aitwaye Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron akawashauri waizike hapahapa, kwa kuwa mbele njia ni mbaya. Wakakataa. Cameron akachukua baadhi ya vipimo vya Livingstone avitumie katika safari yake, nao wakaendelea na maiti.

"Sasa sikilizeni akili ya mpagazi," mzee akasema. Mbele ya safari walikuta watu wasiotaka maiti ipite katika nchi yao. Basi wakaufungua mwili, wakaufunga upya ndani ya nguo mpaka ukafanana na mzigo wowote wa vitambaa vya merikani. Kisha wakafunga fungu la mabua ya mtama, wakalivika nguo kama maiti, wakawapa wenzao walibebe kurudi Unyanyembe wakijifanya wamekubali kwenda kuzika. Wale walipofika porini wakayatupa mabua, wakarudi mmoja mmoja gizani. Hivyo Februari 1874 mwili ukafika Bagamoyo, na Aprili 18 ukazikwa London katika kanisa la Westminster.

Njiani kurudi tuligombania nani awe Susi, nani Chuma. Hakuna aliyetaka kuwa Livingstone, kwa sababu Livingstone alibebwa tu. Mwalimu hakusema neno, ila nilimwona anacheka.

Likizo ile nilikwenda kwa bibi yangu, mama yake baba, kijijini njia ya Sikonge. Nilimsimulia yote, kuanzia mlango wa nakshi hadi mabua ya mtama. Alikuwa anachambua nsansa, majani makavu ya mboga, kwenye ungo. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia: "Na wewe babu wa baba yako alikuwa pagazi. Kiti chake umekikalia mara ngapi?"

Kusema kweli nilikuwa sijakikalia hata mara moja, maana kilikatazwa. Kile kilikuwa kiti cha mgeni. Kilisimama ukutani sebuleni, na akija mtu wa heshima kilivutwa mbele, kikafutwa kwa ncha ya kanga, ndipo akakaribishwa.

Siku hiyo Bibi aliniruhusu kukigusa. Kilichongwa kwa gogo moja la mninga, bila msumari wala gundi. Miguu ilikuwa mitatu, iliyopinda kwa nje kama ya mbuzi anayesimama mteremkoni. Pa kukalia palikuwa duara lililobonyea kidogo, limesuguliwa na makalio ya miaka mingi mpaka likang'aa kama limepakwa mafuta. Nyuma yake uliinuka ubao wa kuegemea, mpana kama viganja viwili vya mtu mzima, na juu kabisa kichwa cha mtu: pua ndefu, kinywa mkato mmoja, na macho mawili ya shanga nyeupe zilizopigiliwa ndani ya mti. Jicho la kushoto lilikuwa limepasuka. Mguu mmoja uliwahi kutoa ufa, na ufa ule ulifungwa kwa waya wa shaba, ukazungushwa mizunguko saba iliyobanana vizuri. Niliihesabu kwa ukucha.

Waya ule, Bibi alisema, ni masango ya safari. Babu wa baba alikwenda pwani mara nne kabla reli haijaja. Alibeba pembe begani, frasila mbili na zaidi kwa mzigo, na kwenye ncha ya pembe alifunga kengele ndogo ili aliye nyuma asipoteze njia kwenye nyasi ndefu. Mbele alikwenda kirangozi, kiongozi wa msafara, na bendera yake. Ujira ulilipwa kwa vitu: mikono ya merikani, kaniki, shanga, na hayo masango. Nguo zilichakaa na shanga zikakatika. Waya ukabaki kwenye kiti.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kuanzia hapo bega la Mnyamwezi halikuwa na bei tena kwenye njia ile. Babu yule, kama alivyosimulia Bibi, aliwahi kwenda stesheni kulitazama treni, akalizunguka, akauliza linalala wapi, akarudi nyumbani kulima karanga.

Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kulikuwa na embe.

Sasa nifike mwaka 1984. Walioishi wakati huo hawahitaji kuelezwa. Vita vya Kagera vilikuwa vimemaliza fedha za nchi, madukani hakuna sabuni, sukari ni ya kibali, na duka la kijiji lilikuwa na viberiti na chumvi ya mawe tu. Nilikuwa nimerudi likizo, kijana wa sekondari sasa, najiona nimesoma. Mchana mmoja gari dogo la mizigo lilisimama chini ya mwembe. Akashuka mtu mmoja nadhifu, Mswahili mzuri wa lugha. Alisema ananunua vitu vya zamani: viti, vijiko vya mti, vinyago, ngoma zilizopasuka. Nyuma ya gari, chini ya turubai, niliona miguu ya viti vingi imeelekea juu.

Bibi alimkaribisha kama alivyokaribisha kila mtu. Akavuta kiti, akakifuta kwa kanga, akamwambia: "Karibu ukae, baba." Yule mtu akakaa. Alipokunywa maji, akasimama, akakigeuza kiti, akakigongagonga kwa kiungo cha kidole, akauliza bei.

Hawakubishana sana. Bibi alitazama gari, akanitazama mimi na shati langu la shule lililofuliwa kwa majivu, akasema, "Kiti hakiliki." Wakakubaliana kilo nne za sukari, mche mzima wa sabuni, na doti ya kanga. Mimi ndiye niliyekibeba hadi garini. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, na nilikiweka begani kwa sababu mikononi kilinishinda. Yule mtu akanipa noti ya shilingi 10, nikaipokea kwa mikono miwili.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile kweli tulipona. Tulikunywa chai yenye sukari wiki tatu. Miaka mingi ikapita kabla sijaona kwamba hesabu ile ilikuwa ileile ya misafara. Zamani ilikuwa nguo na shanga kwa pembe, sasa ni nguo na sukari kwa kiti; na mbebaji ni Mnyamwezi yuleyule, kwa ujira wa kutosha kumfurahisha jioni moja.

Katika miaka ya 1990 nikiwa Dar es Salaam, kitabu kimoja kinene kilinipitia mikononi. Kilitokana na maonyesho makubwa ya sanaa ya kuchonga ya Tanzania yaliyofanyika Berlin na München mwaka 1994. Kilichonishtua kwanza ni kwamba juu ya jalada, pamoja na Kijerumani, palikuwa na Kiswahili: Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika. Nilikipekua ukurasa kwa ukurasa, na lazima nikiri nilikuwa sitafuti sanaa. Nilikuwa natafuta mizunguko saba ya waya wa shaba.

Sikuiona. Niliona ndugu zake. Viti vya miguu mitatu vya Unyamwezi, watu wa mti wenye miili mirefu na macho ya shanga, fimbo, vinyago. Kwa miaka mingi wataalamu wa Ulaya walikuwa wakifundisha kwamba sanaa ya kuchonga ya Afrika iko magharibi na Kongo, na kwamba huku kwetu mashariki hakuna kitu ila Wamakonde. Maonyesho yale yaliwanyamazisha. Uthibitisho ulikuwa umekaa muda wote katika maghala yao wenyewe na majumbani mwa wakusanyaji wao.

Kilicho maarufu kuliko vyote ni kiti cha enzi kutoka Buruku, Unyamwezi, ambacho kiko katika Makumbusho ya Etnolojia ya Berlin. Nimekutana nacho tangu hapo katika vitabu kadhaa vya sanaa ya Afrika. Ni kirefu, zaidi ya mita moja, na kwenye ubao wa mgongo amechongwa mtu mzima, amesimama, kana kwamba anamlinda anayekaa. Ukikitazama unajua kwamba aliyekichonga hakuwa anajaribu, alikuwa bingwa. Maelezo ya chini ya picha yanakupa mahali, kabila, karne, aina ya mti na urefu kwa sentimita. Jina la mchongaji halimo.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mlinzi wa Kwihara na jibu lake kwa rafiki yangu: hakipo, kuna barua. Nikaona kwamba makumbusho yale mawili ni nusu mbili za nyumba moja iliyopasuliwa. Kwihara kuna jina bila kiti. Berlin kuna kiti bila jina. Livingstone alikaa miezi mitano Kwihara akiandika karibu kila siku, hata siku ambazo hapakuwa na la kuandika, na ndiyo maana tembe alilokaa linasimama hadi leo, limejengwa upya baada ya kuanguka. Susi na Chuma nao tunawajua kwa sababu walifikishwa Uingereza, wakahojiwa, majina yao yakatiwa katika kitabu. Wapagazi wengine wa msafara ule walibeba uzito uleule na hawana hata ukuta.

Tabora imekuwa hivyo siku zote. Vitu vyake vinaonekana vizuri ukiwa mbali. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamebanwa na vita na hawapati fedha kutoka kwao, walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli hapa Tabora, kwa dhahabu ya Sekenke. Upande mmoja zina tembo ameinua mkonga. Zilitoka zaidi ya 16,000. Septemba 19 mwaka huo Wabelgiji wakauteka mji. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanazigombania minadani. Mimi nimekulia Tabora, nimezeekea karibu na Tabora, na tembo yule sijamwona ila kwenye picha.

Sitaki nionekane nalalamikia Berlin peke yake. Vitu vingine vilichukuliwa kwa bunduki, na hivyo vina njia yake ya kudaiwa. Fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe, lilirudi Kalenga mwaka 1954, na mwaka 2023 Rais wa Ujerumani alisimama Songea akaomba radhi kwa yaliyofanyika wakati wa vita vya Maji Maji. Mazungumzo hayo yaendelee. Lakini kiti cha kwetu hakuna aliyekuja na bunduki kukichukua. Alikuja mtu na sukari, akakaribishwa, akakalia alichokuja kukinunua, na mimi nikambebea.

Kwamba mambo yangeweza kwenda vingine nililiona Bujora, karibu na Mwanza, katika makumbusho ya Wasukuma. Padri Mkanada aitwaye David Clement alianza kukusanya vitu vya Usukuma na kuvihifadhi katikati ya wenyewe, kwa msaada wa wazee wa huko. Pana banda la kifalme lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na humo zimepangwa ngoma za himaya mbalimbali. Nilimkuta mama mmoja ameleta wajukuu. Akasimama mbele ya ngoma moja, akawaambia watoto ni ya upande gani na ilipigwa lini, wala hakusoma popote. Nilisimama nyuma yao nikimwonea wivu.

Miaka michache iliyopita nilirudi Kwihara. Safari hii nilikwenda kwa bodaboda, dakika chache tu, sikupata hata nafasi ya kutafuna kiazi. Miembe baadhi ipo, mingine imebaki visiki. Yule mzee alikwishafariki zamani. Aliyenipokea ni kijana mwenye adabu na maelezo yaliyonyooka. Nilimuuliza kuhusu ile njia, akanieleza kwamba mwaka 2006 Tanzania iliiorodhesha UNESCO kama njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, na Kwihara imo, ili siku moja iwe urithi wa dunia. Nilifurahi. Njia inayoombewa hadhi hiyo ni ile niliyoipita na embe mfukoni.

Nikazunguka vyumba vyote tena. Barua zilikuwa palepale. Mlangoni kijana akanipa kitabu cha wageni niandike jina, nilikotoka na maoni. Nilishika kalamu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Niliandika jina la babu wa baba yangu, nikaandika "pagazi", nikaandika Sikonge. Kwenye nafasi ya maoni nikaanza kukieleza kile kiti: mninga, miguu mitatu, jicho la kushoto limepasuka, waya wa shaba mizunguko saba. Maelezo yakajaa mpaka yakavuka mstari. Kijana akayasoma akiwa amesimama, kisha akaniuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza.

"Alikichonga nani, mzee?"

Sikuwa na jibu. Bibi alijua, alizaliwa na kuolewa maili chache kutoka alipoishi fundi yule, na aliwahi kuniambia kwamba mkono wake ulijulikana vijiji vitatu. Ningemuuliza siku ile ya nsansa angenitajia jina, jina la baba yake, na mti alioukata. Bibi alifariki mwaka 1991.

Kwenu huenda kiti bado kipo, na anayemjua fundi bado anakaa juu yake jioni. Muulize leo, na uandike.